BERNHARD GRZIMEK NA WANYAMA WA KISIWA CHA RUBONDO

Kisiwa chenye wenyeji na wageni

Fungua ramani ya Tanzania. Tazama upande wa kaskazini-magharibi, mahali lilipo Ziwa Viktoria. Utauona mkoa wa Geita, maarufu kwa dhahabu yake, na kusini-mashariki yake mkoa wa Shinyanga. Sasa peleka kidole chako ndani ya ziwa, kwenye pembe yake ya kusini-magharibi. Hapo utakiona kisiwa kirefu chembamba. Hicho ndicho Kisiwa cha Rubondo. Eneo la nchi kavu la kisiwa hicho ni kilomita za mraba 240 hivi.

Sehemu kubwa ya Rubondo imefunikwa na msitu mnene. Imo mikuyu mikubwa, imo mitambaa inayojizungusha kwenye miti, na kando ya maji imo mikindu na vichaka vya mafunjo. Tangu zamani wameishi humo viboko, mamba, kenge, chatu, pongo, tumbili, kanu, nguchiro na fisimaji. Yuko pia nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea kwenye matope bila kuzama. Wanyama hao hawakuletwa na mtu. Wanyama na mimea ya namna hiyo, iliyokuwapo mahali tangu asili, huitwa viumbe wenyeji.

Lakini ukitembea katika msitu huo leo, utaweza pia kukutana na tembo, twiga, mbega weupe na weusi, na hata sokwe. Hao hawakuwapo zamani. Hakuna tembo aliyeogelea kutoka Geita mpaka Rubondo, wala twiga aliyepanda mtumbwi kwa hiari yake. Waliletwa na watu. Kiumbe aliyepelekwa na watu mahali ambapo hakuwapo huitwa kiumbe mgeni.

Ni nani waliowaleta wageni hao, na kwa sababu gani? Ili kupata jibu, yatupasa kujifunza maisha ya mtu mmoja aliyezaliwa mbali sana na Ziwa Viktoria. Jina lake ni Bernhard Grzimek.

Utoto na masomo

Bernhard Grzimek alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 katika mji wa Neisse. Wakati huo mji huo ulikuwa katika nchi ya Ujerumani; leo uko katika nchi ya Poland na huitwa Nysa. Tangu ujana wake alipenda wanyama. Alipokuwa mkubwa alisomea utabibu wa mifugo katika miji ya Leipzig na Berlin, akahitimu kuwa daktari wa mifugo mwaka 1933.

Labda utadhani kuwa mtu aliyekuja kujulikana kwa ajili ya tembo na sokwe alianza kwa kuwachunguza tembo na sokwe. Sivyo. Utafiti wake wa kwanza ulihusu mishipa ya damu ya kuku wa kufugwa, kuku kama hao wanaopekua taka nyuma ya jiko la nyumbani kwenu. Baadaye alifanya kazi serikalini kuhusu magonjwa ya kuku na ng'ombe. Jifunze jambo moja hapa: mwanasayansi huanza na kitu kilicho karibu naye. Anayeweza kumchunguza kuku kwa makini ataweza kumchunguza mnyama yeyote.

Bustani iliyobomolewa

Mwaka 1945 Vita Kuu ya Pili ilikwisha. Mji wa Frankfurt katika Ujerumani ulikuwa umeharibiwa vibaya na mabomu, na bustani yake ya wanyama ilikuwa magofu matupu. Wanyama waliosalia walikuwa wachache mno. Grzimek alifanywa kuwa mkuu wa bustani hiyo. Chakula cha watu kilikuwa haba, sembuse chakula cha wanyama. Hata hivyo alifanya kazi usiku na mchana, na tarehe 1 Julai 1945 milango ya bustani ilifunguliwa tena. Aliiongoza kwa miaka 29, mpaka mwaka 1974.

Kuanzia mwaka 1956 alionekana pia katika televisheni ya Ujerumani, akieleza habari za wanyama. Mara nyingi alikuja na mnyama hai na kumweka mezani mbele yake. Watu wengi walimtazama, na aliwaomba watoe fedha za kusaidia kuhifadhi wanyama duniani. Fedha hizo zilipitia katika Shirika la Zoolojia la Frankfurt, ambalo yeye alikuwa kiongozi wake. Sehemu ya fedha hizo ilifika katika nchi yetu.

Kuwahesabu wanyama kutoka angani

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikusudia kubadili mipaka ya Hifadhi ya Serengeti. Swali likazuka: nyumbu na pundamilia huhama kutoka wapi kwenda wapi? Mipaka ikiwekwa mahali pasipofaa, wanyama wangetoka nje ya hifadhi kila mwaka na kukosa ulinzi. Hapakuwa na mtu aliyekuwa na jibu kamili, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyekuwa amewahesabu wanyama wote.

Grzimek na mwanawe Michael walijifunza kuendesha eropleni. Mwezi wa Desemba 1957 walisafiri kutoka Ujerumani mpaka Tanganyika kwa eropleni ndogo waliyoipaka mistari kama pundamilia. Waliligawa bwanda la Serengeti katika maeneo, kisha wakaruka juu ya kila eneo huku wakihesabu. Waliwafunga wanyama kadhaa ukanda wa rangi shingoni ili wawatambue tena baadaye. Walikusanya pia majani na udongo, wakatafuta kujua kwa nini wanyama hupenda kulisha mahali fulani na si mahali pengine.

Waliona kuwa nyumbu walikuwa karibu 100,000. Tena waliona kuwa makundi yalihama mahali ambapo serikali haikutegemea. Tangu siku zile hesabu imerudiwa mara nyingi kwa njia bora zaidi, na siku hizi nyumbu wa Serengeti wamezidi milioni moja.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiruka peke yake. Tumbusi, yule ndege mkubwa alaye mizoga, aligonga bawa la eropleni. Eropleni ilianguka na Michael akafa. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Alizikwa kwenye ukingo wa Kreta ya Ngorongoro. Baba yake hakuiacha kazi. Aliikamilisha filamu waliyokuwa wakiitengeneza pamoja kuhusu Serengeti, na mwaka 1960 filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar nchini Marekani. Kwa njia hiyo watu wa nchi nyingi walilifahamu jina la Serengeti.

Mwaka huohuo wa 1959 mipaka ilibadilishwa. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti ikawa eneo ambamo watu na wanyama waliruhusiwa kuishi pamoja. Wamaasai waliokuwa wakiishi katika Serengeti walilazimika kuhama. Unaposoma habari za kuhifadhi wanyama, usisahau kuwa mara nyingi wapo watu walioacha makao yao.

Sokwe wavuka bahari

Sasa turudi Rubondo. Katika miaka ya 1960 serikali ya nchi yetu, iliyokuwa imekwisha pata uhuru, iliamua kukifanya kisiwa hicho kuwa mahali pa kuhifadhia wanyama. Wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi hapo walihamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu. Mwaka 1965 Rubondo lilitangazwa kuwa pori la akiba, na mwaka 1977 likawa hifadhi ya taifa.

Fikiri kwa nini kisiwa kilichaguliwa. Maji yalikuwa ukuta. Jangili hawezi kuingia kisiwani kwa urahisi kama aingiavyo katika pori la nchi kavu. Mnyama naye hawezi kutoka na kuharibu mashamba ya watu. Tena Rubondo hapakuwa na simba wala chui. Kwa sababu hizo watu walitumaini kwamba wanyama waliokuwa hatarini wangepata usalama humo. Basi waliletwa vifaru weusi, tembo, twiga, mbega, na swala wakubwa waitwao korongo.

Grzimek na shirika lake walileta wageni wa ajabu zaidi. Hao walikuwa sokwe. Walizaliwa porini, wengi wao Afrika Magharibi, wakakamatwa wangali wachanga na kuuzwa Ulaya. Huko walifungiwa katika bustani za wanyama au walifundishwa kucheza sarakasi. Wengine walikuwa wamekaa utumwani miezi michache tu, wengine miaka mingi. Grzimek aliona ya kuwa sokwe huteseka akifungiwa katika chumba cha vyuma, akataka kujua kama anaweza kurudishwa msituni.

Kati ya mwaka 1966 na mwaka 1969 sokwe 17 walifunguliwa Rubondo, kwa vikundi vinne. Hawakufundishwa kwanza namna ya kuishi msituni. Milango ya vizimba ilifunguliwa tu, nao wakatoka.

Jiweke katika hali yao. Mtu aliyezoea kuletewa ndizi kila siku anaachwa katika msitu asioujua. Atalijuaje tunda lililo chakula na tunda lililo sumu? Atalala wapi? Wataalamu wengi walikuwa na shaka kama wangeishi.

Nao waliishi. Walijaribu majani na matunda ya Rubondo, wakajifunza yale yanayoliwa. Walianza kujenga viota vya matawi juu ya miti, kama wafanyavyo sokwe wa porini. Watoto walizaliwa, na watoto hao hawakupata kukiona kizimba. Kadiri miaka ilivyopita sokwe wa Rubondo walizidi kuwaogopa watu na kujificha msituni. Wajukuu wa wale 17 wangaliko mpaka leo, na idadi yao imezidi ile ya mwanzo.

Hata hivyo mwanzo haukuwa mwepesi. Sokwe aliyelelewa na watu hana hofu ya watu, na sokwe aliyekomaa ana nguvu kushinda mtu mzima. Baadhi yao waliwashambulia watu, na ilibidi madume wawili wapigwe risasi. Kwa sababu ya hatari kama hizo, wataalamu wa leo hawafungui vizimba vivi hivi. Kwanza humpima mnyama magonjwa, huchunguza asili yake, kisha humzoeza msitu kidogo kidogo.

Tanzania ina sokwe wake wenyeji. Wanaishi katika misitu ya Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Hao ni wa jamii ya mashariki, na wale wa Rubondo asili yao ni mbali. Maji ya Ziwa Viktoria huwatenga, nao hawawezi kuchanganyika.

Si kila mgeni alistawi

Mwanasayansi mwema huandika yaliyofaulu na yasiyofaulu. Tembo na twiga wa Rubondo waliongezeka, na mbega nao walistawi. Lakini korongo walitoweka. Vifaru nao walitoweka: katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua vifaru kwa ajili ya pembe zao karibu kila mahali nchini, wala ukuta wa maji haukuwaokoa wale wa Rubondo.

Liko pia jambo la kuangalia kwa wale walioongezeka. Tembo mmoja hula majani, matawi na maganda ya miti kwa wingi sana kila siku. Katika kisiwa hawezi kuhamia mahali pengine chakula kikipungua. Tembo wakizidi mno, miti itapungua. Miti ikipungua, mbega na ndege watakosa makao. Ndiyo maana wataalamu wa hifadhi hulazimika kuwachunguza wageni na kuulinda msitu wenyewe pia.

Wageni wengine ndani ya ziwa

Usidhani kuwa wageni wako kisiwani tu. Pengine umekwisha mla mmoja wao. Samaki aitwaye sangara hakuwa mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Alipandwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sangara alikua vema na kuwapa watu wengi kazi na fedha. Lakini sangara hula samaki wengine. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, walipungua sana, na aina nyingi hazionekani tena. Samaki wa aina hizo hawakuwa wakipatikana mahali pengine popote duniani.

Mgeni mwingine ni gugumaji, mmea wenye maua ya zambarau uelekeao juu ya maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Ulianza kuonekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaenea upesi hata kuziba bandari na kuzuia mitumbwi. Ili kuupunguza, wataalamu walileta mdudu mdogo wa jamii ya fukusi, naye pia ni wa Amerika ya Kusini, anayekula gugumaji. Lakini hawakumwachia mara moja. Kwanza walimjaribu, wapate hakika kuwa hatakula mazao ya wakulima.

Sasa linganisha. Sokwe wa Rubondo walizungukwa na maji. Kama wangeleta madhara, yangebaki kisiwani. Sangara na gugumaji waliingia katika ziwa lenye nchi tatu kandokando yake, wala hapakuwa na ukuta wa kuwazuia. Kumleta mgeni ni rahisi. Kumwondoa ni vigumu, na pengine haiwezekani kabisa.

Mwisho wa maisha yake

Grzimek aliendelea kufika katika nchi yetu hata alipokuwa mzee. Alifariki tarehe 13 Machi 1987 mjini Frankfurt, akiwa na umri wa miaka 77. Siku hiyo alikuwa akitazama sarakasi pamoja na watoto. Majivu yake yaliletwa Tanzania yakazikwa Ngorongoro, kando ya kaburi la mwanawe Michael. Juu ya kaburi hilo limejengwa rundo la mawe lenye umbo la piramidi.

Kazi hiyo leo ni yetu

Huenda ukasema: mimi ni mwanafunzi wa Shinyanga au Geita, sina eropleni wala kisiwa. Basi sikiliza habari ya mababu zako. Zamani sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa na miti. Wakati wa ukoloni miti mingi ilikatwa ili kuwaangamiza mbung'o waletao magonjwa, na ili kupata mashamba ya pamba. Ardhi ikabaki uchi, mvua ikachukua udongo, kuni zikawa za kutafutwa mbali.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Mwanzoni watu waligawiwa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadaye ilionekana kuwa desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili ilifaa zaidi. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika, lisiingizwe ng'ombe mpaka kiangazi. Ardhi ikipumzishwa hivyo, mizizi na mbegu za miti wenyeji zilizolala ndani yake huchipua zenyewe. Katika muda wa miaka 20 hivi ngitili zilienea hata kuzidi hekta 300,000, na pamoja na miti walirudi ndege na wanyama wadogo. Hao hawakuletwa kwa meli wala kwa gari moshi. Walirudi wenyewe, kwa kuwa makao yao yalirudi.

Katika Geita nako miti hukatwa kwa ajili ya mkaa na nguzo za kuzuia mashimo ya dhahabu yasibomoke. Dhahabu ikichimbwa hairudi ardhini. Lakini mti ukikatwa, kisiki chake kikilindwa na mbuzi na moto, huweza kuchipua tena.

Mambo ya kukumbuka

1. Kiumbe mwenyeji ni yule aliyekuwapo mahali tangu asili. Kiumbe mgeni ni yule aliyeletwa na watu.
2. Mgeni anaweza kufaa, anaweza kudhuru, na anaweza kufanya yote mawili.
3. Kabla ya kumleta kiumbe mgeni, yafaa kuchunguza: atakula nini, ataliwa na nani, na je, ataweza kuzuiwa?
4. Kuhifadhi makao ya viumbe ni njia bora ya kuwahifadhi viumbe wenyewe.

Maswali

1. Taja wanyama wanne walio wenyeji wa Rubondo, na wanne waliokuwa wageni.
2. Kwa nini Grzimek na mwanawe walitumia eropleni kuwahesabu nyumbu?
3. Eleza kwa nini maji yaliweza kuwazuia sokwe lakini hayakuweza kuwaokoa vifaru.
4. Tembo wakizidi sana katika kisiwa, mbega watapata hasara gani?
5. Kwa maoni yako, je, ilikuwa sawa kupanda sangara katika Ziwa Viktoria? Toa sababu mbili za kukubali na mbili za kukataa.

Kazi ya kufanya

Pima eneo la hatua kumi kwa kumi karibu na shule. Hesabu kila aina ya mmea unaoota humo. Waulize wazee majina ya mimea hiyo kwa lugha ya nyumbani, na kama ilikuwapo walipokuwa watoto. Chora jedwali lenye safu mbili, mimea wenyeji na mimea wageni, kisha lilete darasani. Rudia kazi hiyo baada ya mwaka mmoja, ulinganishe.